Yamaha PSR-E373: kinanda cha kujifunzia kodi za meja na maina

Yamaha PSR-E373 ilitoka mwaka 2020, na bado ni kati ya vinanda vinavyotajwa mapema mtu akiuliza cha kuanzia. Maelezo ya mtengenezaji yanajivunia sauti 622 na stail (midundo ya kusindikiza) 205. Anayeanza hahitaji hata robo yake. Hapa tunakipima kwa jambo moja tu: je, kitamfanya mtu azijue kodi (chords, yaani nota tatu zinazolia kwa pamoja) za meja (major) na maina (minor) kwa vidole vyake mwenyewe, kiasi kwamba akiketi mbele ya piano yoyote, hata isiyo na waya wa umeme, atazipiga? Jibu ni ndiyo. Ila kinanda hichohicho kina njia tatu za mkato zinazoweza kukuwezesha kupiga ibada nzima bila kujua kodi hata moja, na hizo ndizo zinazowakwamisha wengi.

Tuanze na vibonye. Viko 61, vya ukubwa wa kawaida, oktavo tano kuanzia C hadi C. Ni vyepesi, vya springi, havina nyundo kama vya piano. Ubora wake ni kwamba vinahisi nguvu ya kidole: ukibonyeza kwa nguvu sauti inapanda, ukigusa taratibu inashuka. Kwa anayejifunza kodi hiyo si anasa. Nota tatu zinatakiwa zilie kwa pamoja na kwa uzito mmoja, na kidole cha mwisho cha mwanafunzi huwa dhaifu, kwa hiyo nota ya juu inamezwa. Ukiwa na PSR-E273, mdogo wake wa bei nafuu, hutalisikia tatizo hilo kwa sababu kila nota inalia kwa nguvu ileile uiguse utakavyo. Udhaifu unafichika hadi siku unapokaa kwenye piano ya kweli. Kwenye E373 acha mguso kwenye Medium, na usiweke Fixed wakati wa mazoezi, kwa kuwa Fixed inakurudisha kulekule kwa E273.

Kasoro ya vibonye vyake huonekana kwenye kodi zenye kibonye cheusi katikati. Piga E meja: E, G♯, B (♯ ni kibonye cha jirani upande wa kulia). Ili kidole cha kati kifike kwenye G♯, mkono wote unasogea ndani, na gumba pamoja na kidole cha mwisho vinabonyeza vibonye vyeupe karibu na kule vilikofungwa. Huko springi inakuwa nzito, na nota inatoka hafifu au haitoki. Usilazimishe kwa kukaza kifundo. Weka kidole cha kati kwenye ncha ya mbele kabisa ya kibonye cheusi, vidole vingine vibaki nje kadiri inavyowezekana.

Kabla ya jambo jingine lolote, bonyeza kitufe cha PORTABLE GRAND. Kinazima sauti za ziada, na piano inabaki peke yake kwenye kinanda kizima. Kodi zisomwe kwa sauti ya piano. Sauti za nyuzi na ogani zinaendelea kulia mradi umeshikilia, kwa hiyo zinaficha vidole vilivyochelewa kufika.

Kuitafuta kodi bila kuikariri

Kitabu cha maelekezo kinataja kodi, lakini hakikufundishi inavyojengwa. Kanuni ni fupi. Kutoka kibonye kimoja hadi cha jirani yake, kiwe cheupe au cheusi, ni nusu toni. Meja: simama kwenye nota ya msingi, sogea nusu toni nne, kisha tatu. Maina: sogea tatu kwanza, kisha nne. Ukianzia C, meja ni C–E–G na maina ni C–E♭–G (♭ ni kibonye cha jirani upande wa kushoto). Umbali wa nota ya chini hadi ya juu ni nusu toni saba katika zote mbili, na kinachobadilika ni kidole cha kati tu.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kibonye ulichosimama kuwa moja. Anayefanya hivyo kutoka C anaangukia C–E♭–F, sauti inamkwaruza, naye anadhani kinanda kina hitilafu. Hesabu hatua, usihesabu vibonye.

Anayeimba kwaya ana faida kubwa hapa. Nota za do, re, mi zilizoenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya Sarah Glover, zililetwa na wamisionari na bado ndizo zinazosomwa kwenye kwaya nyingi za Afrika Mashariki. Kodi ya meja ni do–mi–so. Kodi ya maina ni la–do–mi. Mwanakwaya anazijua tayari kooni, kilichobaki ni kuzihamishia vidoleni. Imba kwanza, kisha bonyeza. Kidole kikikosea, sikio litakuambia kabla hujatazama.

Ukishapata hesabu, panga kodi kwa maumbo. C, F na G meja ni vibonye vyeupe vitupu. D, A na E ni nyeupe, nyeusi, nyeupe. D♭, A♭ na E♭ ni kinyume chake: nyeusi, nyeupe, nyeusi. Zinabaki tatu zenye umbo la peke yake: B♭ (nyeusi, nyeupe, nyeupe), B (nyeupe, nyeusi, nyeusi) na F♯, ambayo ni nyeusi tupu. Kwa maina, Am, Dm na Em ni nyeupe tupu. Cm, Fm na Gm ni nyeupe, nyeusi, nyeupe. C♯m, F♯m na G♯m ni nyeusi, nyeupe, nyeusi. B♭m ni nyeusi, nyeusi, nyeupe. Bm ni nyeupe, nyeupe, nyeusi. E♭m ni nyeusi tupu. Ziko 24 kwa jumla, lakini mkono unajifunza maumbo machache tu.

Stika za herufi zinazouzwa pamoja na vinanda hatuzipendekezi. Gundi inabaki, na macho yanazoea kusoma herufi badala ya kutazama mpangilio wa weusi. C iko kushoto mwa weusi wawili, F iko kushoto mwa weusi watatu. Hayo mawili yanatosha kukuonesha nota nyingine zote.

Kamusi ya kodi, na kioo kama msahihishaji

Kinanda kina kamusi ya kodi ndani yake. Unachagua nota ya msingi na aina ya kodi, na kioo kinaonesha vibonye vya kubonyeza. Ukivipiga sawasawa, kinatoa mlio wa kukubali. Ni kitu kizuri sana kwa mtu asiye na mwalimu, ila kina pengo: kinaonesha vibonye, hakioneshi vidole. Mwanafunzi anaweza kuipata C kwa kidole cha shahada, cha kati na cha pete, akashangiliwa, kisha akashindwa kufika kwenye kodi inayofuata. Kwa kodi iliyokaa kawaida, mkono wa kulia ni gumba, cha kati na cha mwisho (1–3–5). Wa kushoto ni vilevile ukianzia kidole cha mwisho (5–3–1).

Chombo bora zaidi cha kujisahihisha ni ACMP, ile inayowasha usindikizaji wa moja kwa moja. Ikiwa imewashwa, sehemu ya kushoto ya kinanda inasikiliza kodi na kioo kinaandika jina lake. Ukipiga C–E–A kitaandika Am, ukipiga E–G–C kitaandika C, kwa kuwa kinatambua kodi hata ikigeuzwa (nota zilezile kwa mpangilio mwingine). Kidole kimoja kikigusa kibonye cha jirani, G ikalia pamoja na A, jina linabadilika papo hapo na unajua umeteleza wapi.

Mpaka wa sehemu hiyo, kama kinanda kinavyotoka kiwandani, uko namba 54, yaani F♯2. Inakuachia vibonye 19 tu, na mkono unabanwa unapojaribu kodi za A au B. Ingia kwenye FUNCTION, tafuta Split Point, ipandishe hadi 59. Sasa una oktavo mbili kamili upande wa kushoto, na C ya katikati inabaki upande wa kulia.

Na hapa ndipo penye dosari kubwa ya kinanda hiki kwa mtu anayesoma kodi. Njia ya kawaida ya kutambua kodi inaitwa Multi Finger, na haina kizuizi cha kudai nota zote tatu. Kibonye kimoja kinatosha kuhesabiwa kuwa meja. Kwa hiyo ukikusudia Am na A ikatangulia kufika kabla ya C na E, bendi inapiga A meja kwa nukta moja, halafu inajirekebisha. Ukiona kioo kinaruka kutoka A kwenda Am kila mara, tatizo ni vidole visivyotua pamoja. Viandae juu ya vibonye kabla ya kushuka, kisha vishushe vyote kwa pamoja kwa uzito wa mkono.

Njia tatu za mkato

Ya kwanza ni hiyo Multi Finger ikitumiwa kwa kidole kimoja au viwili. Kwa maina, unabonyeza nota ya msingi pamoja na kibonye cheusi kilicho karibu zaidi upande wa kushoto. Cm inakuwa C na B♭. Kwa C7 (C meja iliyoongezwa nota ya nne, B♭) unabonyeza C na kibonye cheupe cha kushoto, yaani B. Sasa tazama vizuri: B♭ haimo kabisa kwenye Cm, na B haimo kwenye C7. Ni ishara za kuiambia mashine ipige nini, wala si kodi. Anayezizoea kwa miezi kadhaa akienda kwenye piano ya kweli, mkono wake utapiga C na B♭ na sauti itakayotoka haina umaina wowote. Itabidi aifute tabia hiyo kwanza ndipo aanze kujifunza, na kufuta ni kazi ngumu kuliko kuanza.

Casio wana mtindo wao kwenye vinanda kama CT-S300: nota ya msingi pamoja na kibonye chochote cha kulia kwake ni maina. Yaani hata njia za mkato zenyewe hazifanani kati ya kampuni na kampuni. Kodi ya vidole vitatu ni ileile kwenye kila kinanda duniani.

Ya pili ni Smart Chord. Unaweka ufunguo wa wimbo (nota inayokuwa do), kisha unabonyeza kidole kimoja, na kinanda kinaamua chenyewe kama ni meja au maina kulingana na ufunguo huo. Kwa mtu anayetaka kuburudika nyumbani haina ubaya. Kwa mwanafunzi inamnyang'anya uamuzi uleule anaopaswa kuujifunza.

Ya tatu, na ndiyo iliyoenea zaidi, ni Transpose, inayopandisha au kushusha nota zote za kinanda kwa nusu toni. Wapigaji wengi wa vinanda vya makanisani wanajua kupiga kwenye C pekee. Mwimbaji akianza wimbo kwenye E♭, wanaongeza transpozi hadi +3 na kuendelea na vidole vya C. Tunaelewa sababu yake: ibada haisubiri. Lakini yapo madhara ya wazi. Jicho linazoea kuona C huku sikio likisikia E♭, mpiga gitaa anauliza "tuko wapi?" na jibu linalotoka si sahihi, na usiposhusha namba hiyo, wimbo unaofuata unaanza juu kuliko koo za watu. Wakati wa kujifunza iache kwenye 00. Ukimudu ufunguo wa C, ingia G, kisha F, kisha D. Kila ufunguo unahitaji kodi kuu tatu za meja na tatu za maina, na nyingi utakuwa umeshazipiga kwenye ufunguo uliotangulia. C na G, kwa mfano, zinachangia G, C, Em na Am.

Kutoka kodi moja kwenda nyingine

Mwanafunzi akishazijua kodi moja moja huwa anarukaruka: anapiga C, anainua mkono, anatafuta F, anapitwa na pigo. Dawa yake ni kugeuza kodi ili mkono usihame. Chukua mfululizo wa C, Am, F, G na upige hivi kwa mkono wa kulia, ukianzia C ya katikati:

C–E–G (1–3–5)
C–E–A (1–2–5)
C–F–A (1–3–5)
B–D–G (1–2–5)

Tazama kinachotokea. Kutoka C kwenda Am, ni G tu iliyopanda hadi A. Kutoka Am kwenda F, ni E tu iliyopanda hadi F. Kwenye G ndipo nota zote tatu zinashuka, huku besi ya mkono wa kushoto ikipanda kutoka F kwenda G. Kwa nota za kwaya ni do–mi–so, do–mi–la, do–fa–la, ti–re–so, na besi inakwenda do, la, fa, so. Mwalimu wa kwaya atalitambua hili mara moja, kwa kuwa ndivyo sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu zinavyotakiwa kusogea: kila moja hatua fupi, na ti ya mwisho inaomba kurudi do.

Weka metronomu (kipima mapigo) kwenye 60, kila kodi mapigo manne. Ukiweza kuzunguka mara kadhaa bila kutazama vidole, punguza hadi mapigo mawili kwa kodi kabla ya kuongeza mwendo. Mwendo wa kinanda hiki unaanzia 11 hadi 280, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuanza haraka.

Mkono wa kushoto usipige kodi nzima ya nota tatu chini kabisa. Ukiijaza C–E–G kwenye oktavo ya kwanza kushoto utasikia ngurumo isiyoeleweka, kwa kuwa nota za chini zilizo karibu zinagongana. Na spika zake mbili za sentimita 12, zenye wati 2.5 kila upande, haziwezi kuzitenganisha. Chini piga nota ya msingi peke yake, au msingi na oktavo yake, na kodi iachie kulia.

Masomo yaliyomo ndani ya kinanda yana manufaa kwa kiasi. Waiting, inayosimamisha wimbo hadi upige nota sahihi, inasaidia vidole vilivyo na woga. Haikufundishi muda, kwa sababu wimbo unakusubiri. Itumie kuzijua nota, kisha hamia Timing, inayokuzoesha kupiga kwa wakati wake. Zipo pia nyimbo za kuzoesha sikio kodi na mifululizo yake, na tunazipendekeza kuliko nyimbo maarufu zilizojazwa humo.

Kuhusu umeme na viungo vyake: kinatumia adapta ya volti 12 (PA-130) au betri sita za AA, jambo linalosaidia umeme ukikatika. Adapta ya Casio CT-S300 ni ya volti 9.5, kwa hiyo usikubali kuambiwa dukani kwamba "zote ni sawa". Kikikaa dakika 30 bila kuguswa kinajizima chenyewe. Usipotaka hivyo, kiwashe huku umeshikilia kibonye cha mwisho kushoto. Tundu la hedifoni ni lile kubwa la milimita 6.35, na ukichomeka chochote spika zinanyamaza.

Pedali ya mguu, ya kurefusha sauti, haimo kwenye boksi. FC5 ya Yamaha inafaa. Ichomeke kinanda kikiwa kimezimwa na usiikanyage wakati wa kuwasha, la sivyo itafanya kazi kinyume: ukikanyaga inakata, ukiachia inavuta. Ikishatokea, zima, toa mguu, washa tena. Kwa miezi ya mwanzo tungekushauri ukae bila pedali, kwa sababu inaunganisha kodi ambazo vidole havijaweza kuziunganisha, na kodi mbili zikilia kwa pamoja hutajua ipi ilikuwa na kosa.

Ukinunua kilichokwisha kutumika, kiwashe huku umeshikilia kibonye cheupe cha mwisho kulia. Hilo linafuta mipangilio ya mwenye nacho wa zamani na kurudisha ya kiwandani. Kisha pita kibonye kimoja kimoja, vyote 61, kwanza kwa mguso mwepesi, halafu kwa nguvu. Kibonye kinacholia kwa nguvu moja tu, hata kikiguswa taratibu, kina tatizo la mguso chini yake, na kikiwa katikati ya oktavo za kati kitakuharibia kila kodi inayopita hapo.

Anayetaka kitu cha kubeba kila siku atazame CT-S300: ina kilo 3.3 na mshikio, dhidi ya kilo 4.6 za E373, nayo inahisi mguso. Anayekusudia piano yenyewe, mitihani na muziki wa kusoma kwenye karatasi, aruke vyote viwili atafute chenye vibonye 88 vya nyundo. Kwa anayetaka kusindikiza nyimbo na kuzijua kodi zake 24 kwa mikono miwili, E373 inatosha kwa muda mrefu, mradi transpozi ibaki 00.